Kuku Hana Dini

Pikapu ya Kibet ilikuwa imeshaondoka. Ashura aliiona ikikata kona ya mnara wa simu, rafu za duka zimefungwa kamba juu yake, mizani ya kupimia ikining'inia nyuma kama kengele ya mbuzi, akajua akisimama kufikiri amekwisha. Akakaza leso kiunoni, akatia gunia tupu kwapani, akatimua mbio. Mama mzima, mama wa bi harusi, anakimbiza gari mchana kweupe katikati ya soko la Matungu! Mafundi viatu waliinua vichwa. Muuza ndizi akapaza sauti, "Shika huyo, Mama Raisa! Amekuibia nini?"

"Ameniibia usingizi!" Ashura alijibu bila kugeuka.

Bahati yake trekta la miwa lilikuwa limejaza barabara mbele, matela mawili yakiyumba, na pikapu ikalazimika kusimama. Ashura akaufikia mlango, akaugonga kwa kiganja.

"Mama, utaanguka," Kibet alisema, kichwa kikitoka dirishani.

"Unaenda wapi na chakula cha kuku wangu?"

"Chakula gani? Angalia hapo nyuma. Ni rafu, kitanda na jiko. Chakula kimeisha, mama. Si kwangu tu. Nimelala kwa geti la kiwanda mpaka askari akanipa blanketi. Wananiambia mahindi hakuna, alizeti hakuna, omena wanakula watu. Sasa niuze nini hapa, harufu?"

"Na wewe unaendanga wapi?"

"Kapsabet, nyumbani. Baba ana ng'ombe."

"Hata mfuko mmoja uliosahau chini ya kitanda?"

Kibet alijikuna shavu. Halafu akainama, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa miguuni pake, akampa. "Hii nilifagia sakafuni nikitoka. Kuna vumbi ndani, na mende mmoja nilimwona. Chukua tu, usinilipe."

Ashura alipokea kwa mikono miwili. "Kibet, harusi ni Jumamosi."

"Najua. Si ulinialika? Nilikuwa nije nile hao kuku."

"Na wao wale nini mpaka Jumamosi?"

Trekta lilisogea. Dereva wa nyuma alipiga honi, mwingine akatukana. Kibet alimtazama yule mama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiye na dawa yake, akaingiza gia, akaenda zake. Ashura alirudi akikatiza soko lile lile, gunia bado tupu, na muuza ndizi safari hii hakusema kitu. Hilo lilimuuma kuliko mzaha.

*

Kuku, kama hujawahi kumfuga, wako wa aina mbili. Kuna yule wa kuzurura, anayejitafutia wadudu uani tangu alfajiri na jioni anarudi na tumbo limejaa; huyo hakuulizi kitu. Na kuna yule aliyelelewa bandani tangu kifaranga, chakula cha gunia, maji ya kopo, kama mgonjwa wa wodi. Ukimfungulia leo ukamwambia nenda katafute, anasimama mlangoni anakutazama. Kuku wa Ashura walikuwa wa aina ya pili, banda zima la chotara wanene, manyoya mekundu, wakubwa kama bata. Aliwanunua vifaranga siku ile ile wazee wa Mumias walipokuja kumposa Raisa.

Naye alikuwa na sababu. Mumewe Mahmoud alikuwa na kaka, Mubarak, mfanyabiashara wa mbao, mwenye nyumba ya vigae ng'ambo ya ua. Kwenye kikao cha ukoo Mubarak alisema mbele ya wote, "Harusi ije kwangu. Nina nafasi, nina choo cha ndani, nitachinja fahali. Tusiwaweke wakwe kwenye tope."

Mahmoud alinyamaza kwa heshima ya kaka yake. Ashura hakunyamaza. "Raisa nilimzaa kwenye nyumba ya tope, na mlango huo huo ndio atautokea akienda kwa mume. Walima, karamu ya ndoa, utapikwa kwangu, kwa kuku wangu."

Mubarak alicheka. "Sawa, mulamwa," alimwambia, maana huko shemeji humwita hivyo. "Lakini kuku wakishindwa, fahali anangoja. Na harusi itamfuata fahali."

Kikao kikasema amina. Neno likishapigiwa amina ni kama msumari kwenye mbao. Kwa hiyo kuku wakikonda, au wakifa, au wakikataliwa, Ashura ataenda kwenye harusi ya mwanawe wa pekee akiwa mgeni. Atabisha hodi kwa Swafia, mke wa Mubarak, na kuonyeshwa pa kukaa.

Yale masazo ya Kibet yaliisha kabla ya adhuhuri. Nyumba nzima ikatoka kutafuta. Raisa, ambaye alitakiwa awe ndani anapakwa hina, alikuwa juu ya mpapai akiangusha mapapai mabivu. Mahmoud alikata majani ya viazi. Kuku walidonoa mapapai, wakala mbegu, wakayakanyaga majani. Ashura alibeba ungo mpaka kwa kinu cha kusaga, akiwa na nia ya kuomba pumba. Pale kinuni anakaa mama mmoja, Mildred, mke wa mwenye kinu.

"Pumba ni ya mwenye kusaga," Mildred alisema bila kuinua macho. "Wewe umesaga nini?"

"Sijasaga. Naomba tu, dada. Unajua nina harusi."

"Kila mtu ako na harusi siku hizi. Nguruwe wangu pia ako na harusi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, halafu wakaona aibu ya kucheka. Mmoja alimtilia Ashura viganja viwili vya pumba yake mwenyewe kwenye ungo. Ashura akashukuru, akaenda, ungo mkubwa, pumba kidogo, upepo nao ukichukua ushuru wake njiani.

Siku ya pili kuku walianza kudonoana mikia. Ukiona kuku anatamani mkia wa mwenzake, ujue njaa imefika kwenye ubongo. Tetea mmoja alikula yai lake mwenyewe, akasimama na ute mdomoni, haoni haya.

"Kesho naenda Mumias," Ashura alimwambia mumewe. "Nitatafuta vumbi la omena kwa wauza samaki. Wewe walinde hawa wasitoane damu."

"Nenda, mama Raisa. Hapa niachie mimi."

*

Hapa niachie mimi! Mahmoud alikuwa mtu mwema. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kumwona kiumbe akilia njaa na yeye akakaa kitako. Ashura alirudi alasiri na omena kidogo mno, maana kule wauza samaki walikuwa wanagombania vumbi wao wenyewe. Aliposhuka kwenye bodaboda hakufika hata getini kabla ya kusikia banda likiimba.

Si kulia. Kuimba. Kuku wote, sauti juu, kama kwaya iliyokosa mwalimu. Alikimbia. Jogoo mkubwa, waliyempa jina Mheshimiwa kwa sababu ya kifua chake, alikuwa anawika kwa mfululizo, jua likiwa bado juu, mgongo ameuegemeza ukutani. Alijaribu kuruka kijiti cha kulalia, akakikosa, akatua kifudifudi kwenye karai la maji. Matetea watatu walikuwa wanazunguka mahali pamoja. Mwingine alikuwa amelala chali, miguu juu, anafumba jicho moja na kufumbua jingine.

Mahmoud alisimama katikati yao, uso unang'aa. "Mama Raisa! Ona! Wamekula mpaka wamefurahi!"

"Umewapa nini?"

"Chakula."

"Chakula gani kinanuka hivi?"

"Mahindi na wimbi. Yamekaangwa, yamelowekwa, yakachemshwa, halafu yakakamuliwa vizuri sana."

"Yakakamuliwa na nani?"

Mahmoud alitazama ua. "Na Navalayo."

Navalayo alikuwa jirani yao, mjane, Mkristo wa kanisa la ngoma, mpishi wa busaa asiye na mpinzani kijiji kizima. Ashura alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba Raisa. Umewalisha kuku wa walima machicha ya pombe?"

"Walikuwa wanalia njaa! Halafu kuku hana dini, mama Raisa. Kuku hajatoa shahada."

Ashura alitaka kupiga kelele. Badala yake kikamtoka kicheko, kibaya, cha kutoka tumboni, maana Mheshimiwa alikuwa ameinuka kutoka karaini, amelowa chepechepe, anamkaribia tetea kwa madaha, na katikati ya safari akasahau anakokwenda. Mahmoud akacheka pia. Raisa akatoka ndani, hina mkono mmoja, akacheka mpaka akakaa chini. Na hivyo ndivyo walivyokutwa.

"Assalamu alaikum," ilisema sauti getini.

Alikuwa Mubarak, na nyuma yake, kanzu nyeupe kama maziwa, fimbo mkononi, Haji Osundwa wa Mumias, babake bwana harusi.

"Wa alaikum salaam," walijibu watatu kwa pamoja, na Raisa akapotelea ndani kama panya.

"Haji alitaka kuona mahali wageni watakaa," Mubarak alisema. Macho yake yalikuwa yameshaona banda.

Haji Osundwa alisogea kwa adabu. Mheshimiwa naye alitoka bandani, akavuka ua kwa hatua za mtu anayepita juu ya gogo, akafika mbele ya yule mzee, akamtazama, akapiga kwikwi, kisha akalala juu ya kiatu chake.

"Huyu anaumwa?" Haji aliuliza.

"Amechoka," Mahmoud alisema.

"Hii harufu ni ya..."

Hapo ndipo sauti ya Navalayo iliporuka ua, kubwa, yenye furaha ya jirani mwema. "Baba Raisa! Hao ingokho wamemaliza? Kujeni muchukue ingine! Hii ya leo ndiyo kali!"

Haji aliutoa mguu wake polepole chini ya jogoo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mimi sina maneno, wakwe zangu," alisema. "Raisa tunampenda. Lakini wazee wangu hawataweka mkono kwa kuku huyu. Muulizeni sheikh."

Mubarak alimsindikiza mpaka kwenye gari. Akarudi peke yake, akasimama getini, mikono nyuma. "Basi fahali ni wangu," alisema, taratibu, bila kicheko. "Kesho asubuhi vijana wanasawazisha kile kichuguu nyuma ya nyumba yangu. Kesho kutwa hema linafungwa pale."

*

Habari haikungoja jua lizame. Kisimani Ashura alipokelewa kwa nderemo. "Mama Raisa, watoto wameamkaje, wamekunywa supu ya kutoa loki ya ulevi?" "Uliza kama wanaimba kwa matanga!" "Sisi bwana zetu wakilewa tunawafungia nje, wewe unawafungia wapi?" Ashura alijaza ndoo yake, akajitwika, akasema, "Chekeni sana. Jumamosi nitawaona mkilamba vidole."

Sheikh Ismail, imamu wa msikiti wao, alikuja mwenyewe baada ya magharibi, na Mubarak akamfuata. Sheikh alikuwa kijana bado, ndevu chache, na alijitahidi sana asicheke alipochungulia bandani, ambako Mheshimiwa alikuwa anakoroma.

"Wamekula mara ngapi?"

"Mara moja tu," Mahmoud alisema. "Leo. Wallahi."

"Basi jambo lenu si zito kama mnavyodhani. Mnyama akila najisi haharamiki milele. Anafungiwa, analishwa kilicho safi, mpaka mwili wake usafike. Kwa kuku, wanazuoni waliotutangulia walitaja siku tatu. Leo ni Jumanne. Walisheni safi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi alfajiri nitakuja kuchinja mwenyewe, na wa kwanza kula nitakuwa mimi."

Ashura alipiga kigelegele hapo hapo. Mubarak aliinua mkono.

"Polepole, mulamwa. Sheikh amesema chakula safi. Kiko wapi? Mmekosa chakula mpaka mkaenda kwa Navalayo. Utawafungia siku tatu na hewa, Jumamosi mchinje manyoya? Nitakuwa nimewaweka wakwe njaa kwa sababu ya kiburi chako?"

Halikuwa swali la ubaya. Hilo ndilo lililouma. Wageni walipoondoka alikaa kwenye kigoda jikoni, na Raisa akaja akakaa sakafuni, kichwa akakilaza kwenye goti la mama yake.

"Mama, hata kwa baba mkubwa ni nyumbani tu."

"Nyamaza."

"Nitakuwa nimeolewa vile vile."

"Nimesema nyamaza, Raisa. Nafikiri."

Alikuwa anafikiri neno moja alilolitamka Mubarak getini. Kichuguu. Anasawazisha kichuguu. Kichuguu cha nani?

Akasimama ghafla hata Raisa akaanguka. "Kichuguu ni changu!" alisema. "Allahu akbar! Raisa, kile kichuguu ni changu!"

*

Kwa watu wa huko, shamba lina mwenyewe na kichuguu kina mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Unaweza kununua ardhi, ukailima, ukajenga juu yake; lakini mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, mwenye kichuguu atakuja na taa yake na blanketi lake, atafunika, atavuna, na wewe mwenye ardhi utamwambia karibu. Baba mkwe wa Ashura alipogawa shamba lake, upande wenye kichuguu alimpa Mubarak. Kichuguu chenyewe alimpa Ashura, kwa sababu miaka yake ya mwisho, macho yakiwa yameshakufa, ni yeye aliyekuwa anamvunia kumbikumbi na kumtilia kiganjani, moto moto, na chumvi. Mubarak alikuwa amesahau. Au alikuwa amekizoea nyuma ya nyumba yake mpaka akakiona chake. Mtu huzoea hata donda.

Mbio za usiku ule zilikuwa za kuazima vyungu vya kutegea mchwa wa kuwalisha kuku. Navalayo alileta vinne vya kwake, amejaa aibu.

"Mama Raisa, nisamehe. Mimi mdomo yangu iko kama redio."

"Hivi vyungu havijapikiwa ile kitu?"

"Hapana! Hivi ni vya maji. Sikia, nikufundishe. Unashindiliaga ndani majani kavu na mavi ya ng'ombe, unamwagia maji, unageuza juu ya shimo. Chiswa wanapanda kula, asubuhi chungu imejaa mchwa mpaka mdomo."

"Mavi?" Ashura alimkodolea macho. "Navalayo, nimetoka kwenye pombe sasa unanipeleka kwenye mavi? Hata hayo kwetu ni najisi. Sheikh atalia!"

Navalayo alishika mdomo. Halafu wote wawili wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha. Wakaweka majani makavu ya miwa, na vigunzi vya mahindi vilivyopondwa, vikalowekwa maji ya kisima. Mchwa gani wa Matungu angekataa miwa?

Asubuhi, walipokatiza ua kuingia kwa Mubarak, vyungu vichwani, Mahmoud nyuma na jembe dogo, vijana wawili wa kibarua walikuwa wameshavua mashati. Mmoja, mrefu, mtu wa Malava, alikuwa ameinua jembe juu.

"Teremsha hiyo!" Ashura alipiga ukelele. "Teremsha! Hicho kina mwenyewe!"

Jembe liliganda hewani. Mubarak alitoka kwa mlango wa nyuma na mswaki mdomoni.

"Mulamwa, nini tena? Na hivi vyungu?"

"Nimekuja kwa kichuguu changu."

"Kichuguu chako kwenye shamba langu?"

"Shamba ni lako, sijaligusa. Kichuguu Mzee alinipa mimi."

"Hayo ni mambo ya zamani, Ashura. Kumbikumbi na nini. Leo kuna harusi. Vijana, chimbeni."

Yule wa Malava hakuchimba. Aliteremsha jembe, akaliegemea. "Mzee, ni chake ama si chake?"

"Chimba, nakulipa mimi."

"Utanilipa, lakini hautanizalia watoto wengine. Kwetu kichuguu cha mtu hakivunjwi; ukikivunja, watoto wako wanakufa." Akaokota shati lake. Mwenzake alikuwa ameshavaa la kwake.

Mubarak aligeuka kumtafuta shahidi, akamwona mkewe. Swafia alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, muda wote.

"Swafia, waambie."

"Niwaambie nini? Mimi nilikuwepo." Hakupandisha sauti. "Mzee alisema mbele yangu, mbele yako, mkono wake juu ya kichwa cha Ashura. Na wewe uliitikia."

Mubarak alitoa mswaki mdomoni. Povu lilimbaki kidevuni na hakulifuta. Kwa mara ya kwanza Ashura alimwona ni mzee.

"Mwambie na lile lingine," Swafia aliendelea. "Unafikiri ni vigae anavyoringia, Ashura? Nimemzalia wavulana watano. Watano! Hajawahi kuozesha. Hakuna aliyekuja na fimbo getini kwetu kusema tunaomba msichana. Usiku haachi kupanga hiyo harusi. Raisa atatokea hapa, Haji atasimama pale. Mtu mzima, anaongea na ukuta."

"Swafia!"

"Si ni ukweli?"

Vijana wa kibarua walitazama miti. Ashura, ambaye alikuja na maneno tele ya kumtupia shemeji yake, aliyaona yote yamekosa mahali pa kutua. Alitua chungu chini.

"Shemeji," alisema, "Raisa atatoka kwangu. Hilo usiniombe, siwezi. Lakini siku ya kuozesha, yule anayekaa mbele ya sheikh na kushika mkono wa bwana harusi... huyo si lazima awe baba mwenyewe. Baba anaweza kumweka kaka yake badala yake. Muulize Mahmoud, yuko hapa."

Mahmoud alikuwa ameshaguswa. Machozi yake yalikuwa hayako mbali siku zote. "Kaka, nilikuwa naogopa hata kule kusema maneno ya Kiarabu mbele za watu," alisema. "Nishikie."

Mubarak aliinama, akachukua jembe aliloliacha yule wa Malava, akaenda mpaka kwenye kichuguu. Ashura alishtuka. Lakini yeye alikwangua tu, kidogo, ubavuni, mpaka tundu likafunguka na mchwa weupe wakaonekana wakikimbia huku na huku.

"Hapa," alisema. "Wako wengi hapa. Leta chungu."

*

Alfajiri iliyofuata walipogeuza chungu cha kwanza, Raisa alipiga yowe lililowaamsha majirani. Kilikuwa kimejaa! Mchwa wanene, weupe, wanachemka kama uji, wamekula miwa na vigunzi mpaka kati. Wakakimbia na vyungu kabla jua halijawarudisha ardhini, Ashura mbele, Navalayo nyuma, Swafia akiwa amekunja buibui, wakamwaga bandani. Lo! Banda lililipuka. Kuku walipanda juu ya kuku. Mheshimiwa, aliyekuwa ameshinda Jumatano yote kichwa chini kama mdeni, alichupa hewani akitua katikati ya chakula na kuwakumbuka wake zake wote. Walikula mpaka matumbo yakawa kama mipira, wakanywa maji, wakarudi tena. Mchana walipewa mapapai, na maganda ya viazi yaliyochemshwa, na ile omena kidogo ya Mumias. Jioni vyungu vilirudi kichuguuni.

Ijumaa wale wanawake wa kisimani walikuja wenyewe kuchungulia, kila mmoja na kisingizio chake, wa kuazima chumvi, wa kurudisha sindano. Mmoja aliuliza hivi kichuguu cha marehemu mama yake kimebaki kwa nani.

Jumamosi Sheikh Ismail alichinja, akasema bismillahi mpaka sauti ikamkauka. Wakwe walikuja wengi kuliko walioalikwa, kama ilivyo ada ya wakwe. Kuku hawakutosha. Wazee na wageni walikula mapaja, na imondo, firigisi ya Mheshimiwa, ikapelekwa kwa Haji Osundwa kwenye sahani ya peke yake. Akaitafuna muda mrefu, akasema ni tamu. Wanawake wa nyumbani walikula ugali na mchuzi. Mubarak alikaa mkekani mbele ya sheikh, kofia mpya, akashika mkono wa bwana harusi, na alipofika kwenye jina la Raisa sauti ilimkatika, ikabidi aanze upya.

Fahali hakuchinjwa. Mubarak alimuuza mwezi uliofuata, akaezekea ghala lake la mbao. Wanawe wawili wameoa tangu hapo na amepata wajukuu, wote wavulana. Vijana wa kibarua walilipwa nusu siku. Sheikh Ismail alihamishiwa msikiti mwingine. Kibet hakurudi Matungu; chumba chake cha duka sasa ni kinyozi. Navalayo aliacha busaa baada ya kuumwa mgongo, akaenda kukaa na dada yake Lugari, wanalima mahindi. Mildred na mumewe waliuza kinu. Chakula cha gunia kilirudi madukani, bei juu, na Mahmoud ananunua kidogo kidogo kwa vifaranga tu. Kichuguu kipo. Ashura anafuga bado, na wanawake wanamjia kuuliza namna ya kuweka vyungu, naye anawaeleza.

Raisa anakaa Mumias na mumewe. Alitoka kwa mlango wa mama yake, kama mama yake alivyotaka, na hajalala tena kwenye nyumba ile. Huja mchana, hula, huaga, huenda.